Barua ya wazi kwa wadhamini wa Peabody Essex Museum: karatasi za Unguja na wasomaji wake

Kwa Bodi ya Wadhamini,
na kwa uongozi wa Phillips Library,
Peabody Essex Museum,
Salem, Massachusetts, Marekani.

YAH: UFADHILI WA UTAFITI KWA WATU WA PWANI YA AFRIKA MASHARIKI

Waheshimiwa,

Salaam nyingi kutoka Unguja. Mimi ni mwalimu wa historia, na nimeamua kuwaandikia kwa Kiswahili. Najua itabidi mtafute mtu wa kuwatafsiria. Msiudhike, sisi tumekuwa tukitafuta watu wa kututafsiria barua za Salem kwa muda mrefu sana, na leo ni zamu yenu. Naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu. Lipo kwa walimu wenzangu, kwa wanafunzi wetu, kwa watunza wa Nyaraka za Taifa zetu pale Kilimani, na kwa wazee wa Mji Mkongwe wanaojua nani alizaliwa na nani na nyumba gani ilikuwa ya nani.

Wasomaji wengine wa barua hii huenda wakajiuliza Salem inahusiana nini na sisi, kwa hiyo mniruhusu nieleze kidogo jambo ambalo ninyi mnalijua.

Mwezi Machi mwaka 1837 alishuka Unguja mtu wa Salem aitwaye Richard Waters. Alikuja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani hapa, miaka minne kabla Uingereza haijamleta Hamerton na kumweka kama konseli wake. Mkataba wa kibiashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulikuwa umetiwa saini tangu 1833, na mjumbe wa Marekani alikuwa Edmund Roberts. Mkataba ule ulimruhusu Mmarekani kufanya biashara katika bandari za Sayyid kwa ushuru wa asilimia tano. Serikali ya Waters haikumlipa mshahara. Alitegemea kuuza na kununua, na ukonseli ulimsaidia kuuza na kununua vizuri zaidi kuliko wengine.

Meli za Salem zilikuwa zimeshaizoea bandari yetu kabla yake. Katika hesabu iliyofanywa kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, meli za kigeni zilizotia nanga Unguja zilikuwa 41. Kati ya hizo, 32 zilikuwa za Marekani, na 20 kati ya hizo 32 zilitoka Salem. Za Waingereza zilikuwa saba tu. Anayedhani kwamba historia ya wageni hapa inaanza na Mwingereza aziangalie tena hesabu hizo.

Walileta nini? Nguo, kwanza na mwisho. Merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ilisafiri na misafara mpaka Tabora na Ujiji. Ilitumika kulipia chakula, wapagazi na hongo za watemi. Walichukua nini? Pembe za ndovu, ngozi, karafuu, na sandarusi, utomvu wa miti uliogeuka mgumu, iliyochimbwa ardhini katika Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja. Sandarusi ilipakiwa na mchanga wake, ikaoshwa Salem katika kiwanda cha Jonathan Whipple, kisha ikageuzwa vanishi ya kung'arishia fanicha za watu. John Bertram alikuwa mmoja wa waliotajirika kwa biashara hii ya Unguja, na nyumba yake ndiyo leo maktaba ya umma ya mji wenu. Kijana wa Salem anayekwenda pale kuazima kitabu anapita katika milango iliyonunuliwa, kwa sehemu, na jasho la hamali wa hapa. Sijui kama kuna aliyewahi kumwambia.

Wafanyabiashara hawa wa Salem waliandika. Hilo ndilo jema lao kubwa kwetu. Waliwaandikia wenye meli barua za kurasa nyingi, wakaweka shajara, wakajaza madaftari ya hesabu, na manahodha wakaandika habari za kila siku baharini. Waliporudi kwao walirudi na karatasi zao, jamaa zao wakazirithi, na baadaye wakaziweka katika taasisi za Salem. Essex Institute ilikuwepo tangu 1848. Mwaka 1992 iliungana na Peabody Museum na ndipo mkapatikana ninyi. Karatasi za Waters zimo humo, na si zake peke yake. Kwa miaka ile ya 1820 na 1830, wakati maandishi ya konseli wa Kiingereza bado hayajaanza, hakuna mahali pengi duniani penye habari za siku kwa siku za Unguja kama makabati yenu.

Mwishoni mwa 2017 mlipotangaza kwamba maktaba yenu, Phillips Library, haitarudi Salem, watu wa mji walikuja juu, na walikuwa na hoja. Mwaka 2018 mkafungua chumba cha kusomea Rowley, mji mwingine wa Massachusetts, katika jengo lililokuwa la kampuni ya vitu vya kuchezea watoto. Mimi sitaki kuingia katika ugomvi huo. Mtu aliyeko Jang'ombe, hapa Unguja, hana haja ya kuchagua kati ya Salem na Rowley, maana zote mbili ziko mbali sawasawa. Nasema tu kwamba jengo lile liko kando ya barabara kuu, na mgeni asiye na gari atapata tabu kulifikia akishuka kwenye treni. Mtakapofikiria kumkaribisha mtu kutoka huku, lifikirieni na hilo.

Sasa nije kwenye kiini.

Maktaba za utafiti zinazojitegemea ni kitu ambacho sisi hatuna, na naziheshimu kwelikweli. Benjamin Franklin na wenzake walianzisha Library Company huko Philadelphia mwaka 1731. Massachusetts Historical Society ilianza 1791 mjini Boston. American Antiquarian Society ilianzishwa 1812 huko Worcester, na Newberry ya Chicago ilipatikana mwaka 1887 kwa wasia wa tajiri mmoja. Hazimilikiwi na chuo kikuu wala wizara. Zinaishi kwa faida ya fedha zilizowekezwa na kwa michango, na kazi yao ni kutunza maandishi na kumlipa mtu aje akae nayo. Mtafiti anapewa posho ya mwezi mmoja, miwili, au mwaka mzima. Anapewa meza, anajaza karatasi ya kuomba boksi, na analetewa. Mchana anakula na watafiti wengine, na huko kwenye chakula ndiko anakoambiwa na mwenzake kwamba barua anayoitafuta iko katika boksi jingine kabisa. Historia nyingi ya Marekani imeandikwa kwa utaratibu huo.

Lakini utaratibu huo una mlango mwembamba. Niliwahi kupata ufadhili kama huo katika maktaba moja ya Marekani, si yenu. Barua ilikuwa nzuri, yenye nembo juu. Chini kabisa ikasema kwamba nauli, bima na chumba nitalipa mwenyewe, kisha nikishafika niwasilishe risiti na kurudishiwa ndani ya siku 30. Tiketi peke yake ilikuwa inazidi mshahara wangu wa miezi kadhaa. Nikaandika kueleza. Nikajibiwa kwa upole sana kwamba ndio utaratibu wa wahasibu. Kisha kuna ada ya viza, dola 185, ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Kuna boti ya kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya mahojiano ubalozini. Kuna taarifa ya benki inayotakiwa kuonyesha fedha ambazo ungekuwa nazo usingeomba ufadhili. Sikwenda. Aliyepewa nafasi yangu, nilikuja kusikia, alitoka chuo kikuu kilicho mwendo wa saa moja kwa gari kutoka maktaba ile.

Simlaumu. Nasema tu kwamba masharti yakipangwa na mtu ambaye hajawahi kuishiwa, huwachuja watu hata kabla kamati haijakaa.

Matokeo yake tunayaona katika maandishi. Mwaka 1965 Norman Bennett na George Brooks walichapisha mkusanyiko mkubwa wa barua na nyaraka za wafanyabiashara wa New England, yaani Salem na majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, katika Afrika, na ndani yake mna mengi kutoka kwenu. Walifanya kazi kubwa na tunawashukuru. Nimeisoma kazi hiyo kwa fotokopi iliyofifia, na wanafunzi wangu wamesoma fotokopi ya fotokopi. Lakini uchaguzi ni uchaguzi. Shabaha yao ilikuwa wafanyabiashara Wamarekani, basi walichagua panaposema juu ya wafanyabiashara Wamarekani. Mtu wa Unguja angefungua boksi lile lile na kuchagua ukurasa mwingine.

Nitoe mfano mmoja. Waters alishirikiana na Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch aliyekodi forodha ya Unguja kutoka kwa Sayyid. Ushirikiano huo uliwaudhi Waingereza na hata Wamarekani wenzake, kwa sababu mwenye forodha ndiye aliyekuwa na hamali, mashua na ghala. Asiyepatana na Jairam mzigo wake ulikaa melini. Wanahistoria wameandika sana juu ya ushindani huo. Sasa tazama ukurasa wenyewe wa hesabu: marobota ya merikani upande mmoja, frasila za pembe na sandarusi upande wa pili, bei kwa riyali, na katikati kiasi kidogo kilicholipwa kwa kubeba. Kilicholipwa kwa nani? Wengi wa hamali wale walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na ujira wao uligawanywa, nusu au zaidi ikienda kwa bwana. Waters, mtu wa dini aliyeandika kwa uchungu juu ya watumwa aliowaona, aliwalipa mabwana hao kila meli ilipofika. Mstari ule mdogo wa malipo, ukifuatwa mwaka hata mwaka, ungetueleza mengi zaidi juu ya kazi na utumwa mjini Unguja kuliko sura nzima ya ugomvi wa makonseli. Anayejua kuuliza hivyo mara nyingi ni mtu ambaye babu yake alikuwa hamali.

Kuna na majina. Waandishi wa Salem waliandika walivyosikia. Mtoni, ilipokuwa kasri ya Sayyid, utaikuta imeandikwa Metony. Jairam ameandikwa kwa namna mbili tatu. Majina ya watu wa bara, ya wake, ya manahodha wa majahazi, yameumizwa zaidi. Mtu akiandika Mtoni katika orodha yenu ya kompyuta, Metony haitatokea. Nendeni mkae na bibi mmoja wa Malindi ya hapa Mji Mkongwe kwa asubuhi moja, na daftari la majina yaliyoharibika mkononi. Atawatengenezea nusu yake kabla kahawa haijapoa, na atawaambia ni nani kati ya hao aliyekuwa mkwe wa nani. Maarifa hayo hayamo katika kabati lolote, na wenye nayo wanazidi kupungua.

Ombi langu basi ni hili. Wekeni ufadhili wenye jina la Zanzibar, wa kudumu, kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vyake, iwe Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu au Kilwa. Usiwe wa wenye shahada ya uzamivu peke yao. Mwalimu wa sekondari anayefundisha biashara ya karne ya 19 kwa kitabu kimoja anastahili. Mtunza nyaraka anastahili pengine kuliko sisi sote. Maombi yapokelewe kwa Kiswahili pia. Hapo Massachusetts na majimbo jirani wapo watu wengi wanaokisoma, hamtakosa wa kuwasaidia. Na fedha zitolewe kabla ya safari, nauli mnunue ninyi wenyewe. Kwa mhasibu wenu hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Na asiyeweza kuja? Viza ya Marekani kwa Mtanzania imekuwa ngumu kuliko zamani, na hilo haliko mikononi mwenu. Lakini karatasi ziko mikononi mwenu. Kwa aliyenyimwa viza, fedha ile ile itumike kumlipa mtu wa kupiga skani maboksi aliyoyachagua mtafiti, na posho ya mtafiti ilipwe huku huku wakati anasoma. Kusoma mwandiko wa 1840 ni kazi ya kutwa nzima hata kwa mzoefu. Asilazimike kuifanya usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi 90. Halafu msitutumie viungo vya mafaili makubwa tu mkadhani mmemaliza. Intaneti yetu mnaijua au mnaweza kuikisia. Tumeni diski. Moja kwa mtafiti, moja kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, moja kwa Nyaraka za Taifa pale Kilimani.

Najua neno litakalowajia wengine mnaposoma haya, kwa sababu siku hizi barua zinazotoka Afrika kwenda kwa makumbusho ya nchi tajiri huwa na dai moja. Mimi sidai mrudishe karatasi hizi. Ziliandikwa na watu wenu, kwa wino wao, kwa mama zao na mabwana zao wa kazi. Vitu vilivyoporwa ni habari nyingine na vina madai yake, ambayo nayaunga mkono. Hizi ni zenu. Lakini zinatuhusu sisi, zimetutaja, zimetupangia bei, na mara nyingine zimetusengenya, na mtu aliyesengenywa ana haki ya kusoma.

Hata picha iliyo katika mikusanyo yenu inalisema jambo hili. Mwaka 1840 Sayyid Said alituma meli yake Sultana mpaka New York, ikatia nanga mwishoni mwa Aprili, ikiwa na pembe, karafuu, tende, kahawa na zawadi za kumpa Rais Van Buren wa Marekani. Mkuu wa safari alikuwa Ahmad bin Na'aman, na Edward Mooney akamchora akiwa na kilemba chake. Waomani wanaisimulia safari ile kwa fahari, Wamarekani pia. Alipokelewa kwa heshima, meli yake ikatengenezwa katika gati la jeshi la majini la Marekani bila ya malipo. Karibu miaka 190 baadaye, mtu wa kwao akitaka kwenda kuiona picha hiyo anaulizwa taarifa ya benki.

Jambo la mwisho ni la upande wa pili, na huenda ndilo litakalowafaa ninyi zaidi. Mleteni mtu wenu mmoja kwetu. Barua za Salem ni nusu ya mazungumzo. Pale Kilimani zipo barua za Kiarabu, daftari za serikali ya masultani, na maandishi ya makonseli wengine, na hali ya hewa yetu ya unyevu haina huruma na karatasi. Mtunza nyaraka wa Rowley akikaa Kilimani wiki chache, mwenzake wa Kilimani akikaa Rowley wiki chache, wataoanisha tarehe ambazo hakuna mtafiti mmoja anayeweza kuzioanisha. Kimbunga cha Aprili 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja, kwa mfano: Wamarekani walikuwa bado wana nyumba zao za biashara hapa. Kuweka barua walizopeleka kwao juu ya mikarafuu ile kando ya madai ya deni ya wenye mashamba wa hapa ni kazi ya watu wawili walioketi meza moja, mmoja akisoma mwandiko wa Kiingereza na mwingine wa Kiarabu. Kumlipia mtu wenu tiketi na chumba Mji Mkongwe kutawagharimu chini ya maonyesho yoyote madogo mnayoyaandaa. Chakula tutampa sisi.

Sitaji kiasi cha fedha kwa sababu ninyi ndio mnaojua mfuko wenu. Mkiamua kuanza na mtu mmoja kwa mwaka, anzeni na mmoja. Ninachoomba katika jibu ni mambo mawili tu: kama bodi italijadili hili katika kikao chake kijacho, na ni nani mwenye dhamana ya kupokea orodha ya maboksi tunayohitaji yapigwe skani, maana orodha ya kwanza ninayo tayari, nimeiandaa pamoja na walimu wenzangu wa Unguja na Pemba, na tunaweza kuipeleka hata kesho.

Majibu kwa Kiingereza nayasoma bila shida. Kwa Kiswahili nitafurahi zaidi.

Wasalaam,

Mwalimu wa historia,
Unguja.

Nakala: Nyaraka za Taifa, Kilimani.
Nakala: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.